Coaster Iliyogeuzwa Nyumba: Kuifungia AC Inayozungushwa na Injini

SWALI

Habari fundi. Nina Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ. Nimeng'oa viti vya nyuma, nimeweka vitanda viwili, jiko dogo na kabati. Ndiyo tunayosafiria mimi, mke wangu na watoto wanne, kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, na mara nyingine kupanda Lushoto kwa wazee. Haikuja na AC. Kuanzia Desemba mpaka Machi watoto wanafika wamelowa jasho. Fundi mmoja anasema atanifungia kompresa ya mtumba ya gari dogo, na kondensa ataiweka mbele ya rejeta. Mwingine ananishauri nifunge AC ya nyumbani na jenereta. Je, AC ya injini itaweza kupoza gari zima? Injini haitachemsha? Na tukipumzika njiani usiku, naweza kuacha injini ikiunguruma tulale na ubaridi?
Msomaji, Tanga

JIBU

Ndugu yangu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo ni la uhai. Usilale na familia ndani ya gari huku injini inaunguruma. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta akiwa usingizini anaweza asiamke tena. Gari yako sasa ina matobo mapya sakafuni, pale ulipopitisha bomba la maji ya jiko na nyaya. Upepo ukigeuka, moshi unaingia humohumo. Jenereta nayo ina hatari hiyohiyo, na ya petroli ni mbaya zaidi. AC ya injini ni ya safarini. Usiku tegemea feni, neti za madirishani na kivuli, au AC ya umeme mkifika mahali penye soketi na injini imezimwa kabisa.

Sasa tuje kwenye safari. Inawezekana, na 1HZ ni injini nzuri kwa kazi hii. Lakini naona wote wawili waliokushauri wameanzia kwenye mashine. Mimi ningeanzia kwenye joto: linaingia kiasi gani, na litatupwa wapi. AC haitengenezi baridi. Inachota joto ndani ya gari kwa kutumia evaporeta, kompresa inalisukuma, na kondensa inalimwaga nje. Kondensa ikishindwa kulimwaga, hata ufunge kompresa ya basi kubwa utapulizwa upepo wa kawaida.

Niliwahi kuletewa basi dogo lililogeuzwa kliniki ya kutembea. Lilikuwa limeshabadilishiwa kompresa mara mbili na malalamiko yalikuwa yaleyale: asubuhi linapoza, ikifika saa sita mchana hakuna kitu. Nikafunga geji za kupima presha ya gesi. Upande wa presha kubwa, mshale ulikuwa umesimama kwenye baa 25. Nikamwomba kijana alete ndoo ya maji, tukayamwaga taratibu juu ya kondensa, ambayo ilikuwa imefungwa nyuma ya tairi la mbele. Maji yakatoka mekundu kwa tope. Mshale ukaanza kushuka, 22, 19, ukatulia karibu na 15, na nesi aliyekuwa amekaa ndani akasema hewa imekuwa ya baridi. Kompresa zile mbili zilizotupwa nadhani hazikuwa na kosa lolote.

Kwa gari lako hesabu yangu ni hii. Jua la saa sita linaangusha karibu kilowati moja kwenye kila mita ya mraba, na paa la Coaster lina mita za mraba zipatazo 12. Paa jeupe linarudisha sehemu kubwa ya joto hilo. Paa la rangi nzito linalimeza karibu lote. Kila mtu aliyekaa anatoa kama wati 100, kwa hiyo ninyi sita ni wati 600. Ongeza vioo, hewa inayopenya milangoni, na injini yenyewe, ambayo kwenye Coaster iko mbele, chini ya kifuniko kilicho ubavuni mwa dereva. Nikijumlisha, na nikiacha nafasi ya kupoza gari lililoshinda juani, naona unahitaji kama kilowati 10, yaani BTU 34,000 hivi. Hiyo ni karibu mara mbili ya AC ya gari dogo.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata boliti moja, punguza joto linaloingia. Paka paa rangi nyeupe. Umeshang'oa viti na bila shaka plaiwudi bado zinafunguka: jaza povu la kuzuia joto kati ya bati na plaiwudi, hasa darini. Madirisha yaliyozibwa na kabati yazibe kabisa na povu hilohilo. Kifuniko cha injini kivalishe mkeka wa kuzuia joto na ubadilishe raba zake za pembeni, kwa maana zikichoka dereva anaokwa miguu na AC inafanya kazi ya bure. Fedha utakayotumia hapa itaendelea kukufaa hata usiku injini ikiwa imezimwa.

Sasa kompresa. Ile ya gari dogo huwa na ujazo wa sisi (cc) 150 hivi au pungufu. Barabara ikiwa nyeupe itajitahidi, ila ukiingia foleni ya Dar utaijutia. Tafuta ya sisi 200 na kidogo. TM21, kwa mfano, ina sisi 215, na klachi yake, ile ya umeme inayoiunganisha na puli, inapatikana ya volti 24 kama umeme wa gari lako. Angalia pia mizunguko. Tuseme puli ya kreki shafti ina kipenyo cha sentimita 18 na ya kompresa 13. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 650 kwa dakika, kompresa itazunguka kama mara 900. Injini ikifika 3,800, kompresa itakuwa kwenye 5,260, na hapo bado iko chini ya 6,000 ambayo ndiyo mwisho wake. Pima puli zako mwenyewe kwa futi, usikubali za kukisia. Kwenye mizunguko 900 utapata chini ya nusu ya ubaridi, kwa hiyo mwambie fundi aweke kifaa cha kupandisha sailensa hadi 850 hivi kila AC inapowashwa.

Breketi ya kompresa ndiyo inayonisumbua roho zaidi kwenye kazi za kubuni. Dizeli inatetemeka. Breketi ya bati la milimita 4 iliyochomelewa haraka itapasuka, na ikipasuka mkanda unaweza kuondoka na vitu vingine vya mbele ya injini. Tumia bati nene, milimita 10 au zaidi, lifungwe kwenye matobo ya boliti yaliyopo kwenye bloku. 1HZ nyingi zilitoka kiwandani na AC, kwa hiyo tafuta kwanza breketi yake halisi kwenye maduka ya mtumba, kisha ibadilishwe kidogo tu ipokee kompresa yako. Puli zipangwe kwenye mstari mmoja: nyoosha uzi kutoka uso wa puli ya kreki hadi ya kompresa, uone unagusa kingo zote nne. Ukiachia nafasi hata milimita mbili, mkanda utaliwa upande.

Kuhusu kuchemsha: ukichota kilowati 10 ndani, kompresa nayo inaongeza karibu 4 zake, kwa hiyo kondensa inamwaga 14. Ukiiweka mbele ya rejeta, hewa yote hiyo ya moto inapita kwenye rejeta ambayo tayari ina kazi yake. Tanga hadi Segera huenda usione kitu. Kupanda kutoka Mombo kwenda Soni, gari likiwa na vitanda, maji na watu sita, ndipo temperecha itakapopanda. Ndiyo maana sikubaliani na fundi wako wa kwanza. Mimi ningeiweka juu ya paa, sehemu ya nyuma, na feni zake zenyewe, maana kule hewa ni safi na tope halifiki. Kama paa umeshalijaza sola, iweke chini ubavuni, upande usio na bomba la ekzosi, mbali na tairi, mbele yake wavu na nyuma ya tairi kizuia tope. Na uizoee ndoo ya maji, kila baada ya safari ya vumbi.

Nguvu ya injini usiihofie sana. Kilowati 4 ni kama farasi 5 na nusu, na 1HZ ina farasi wapatao 130. Tambarare hutahisi. Mlimani utahisi, kwa hiyo swichi ya AC iwe karibu na mkono wa dereva. Dizeli itaongezeka kama lita moja hadi moja na nusu kwa saa AC ikifanya kazi kwa nguvu zote.

Umeme: feni tatu za kondensa na bloa tatu za ndani, pamoja na klachi, zinaweza kufika ampea 45 hadi 50. Soma kibao cha alteneta yako. Kama ni ya ampea 40, ibadilishe kabla ya yote. Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ikae karibu na betri, na kila kundi la feni liwe na rilei yake, yaani swichi ya umeme ya kubeba mzigo mkubwa. Nakusihi jambo moja: mtu asikufungie feni za volti 12 kwa kuchota umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili zinazounda volti 24. Betri hiyo itaisha, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Mipira iwe ile ya AC yenye tabaka la kuzuia gesi, na wa kurudisha gesi kwenye kompresa uwe mnene kuliko yote, hasa kama evaporeta inakaa nyuma. Fungeni swichi ya presha inayokata klachi gesi ikipungua chini ya baa 2 au ikipanda kupita baa 31. Drayeri, yaani kichupa cha kunyonya unyevu ndani ya mfumo, iwe mpya na ifungwe mwisho kabisa, kwani ikikaa wazi inanyonya unyevu wa hewa yetu ya pwani. Kupima kama kuna panapovuja, tumia naitrojeni. Oksijeni ya kuchomelea ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Kisha pampu ya vakyumu ifanye kazi si chini ya dakika 45. Tanga, usawa wa bahari, geji ifike karibu inchi 29. Arusha itaishia kama 25 kwa sababu ya mwinuko, na fundi wa kule hajakosea.

Gesi ni R134a, ipimwe kwa mizani, na mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kibao cha kompresa. Asitokee mtu wa kukuwekea gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi. Inapoza, ni kweli, lakini ikivuja kwenye evaporeta inajaa ndani ya gari lenye jiko na watoto waliolala.

Kabla hujamlipa fundi, awashe AC saa saba mchana, gari likiwa juani, geji zimefungwa na injini kwenye mizunguko 1,500. Presha ndogo iwe kati ya baa 1.5 na 2.5, kubwa karibu na 15. Joto likiwa kali inaweza kuzidi kidogo. Kisha pandisheni kutoka Mombo hadi Soni AC ikiwa imewashwa, jicho kwenye geji ya temperecha. Ikipita pale inaposimama siku zote, zima AC, simameni, na mwangalie kwanza feni ya rejeta na klachi yake kabla ya kugusa kitu kingine chochote.