Kabla ya Kununua Herini, Jiulize Zitaonekana Wapi

Vijana wanaoniomba niandamane nao mjini kununua mapambo huanza kwa swali la uso: uso wangu ni wa duara, je, ringi zitanifaa, shingo yangu ni fupi, je, nichukue herini za kuning'inia? Hayo ni maswali ya haki, lakini mimi huanzia kwingine. Huwauliza pambo hilo litaonekana wapi, litaonwa na nani, na litavaliwa kwa muda gani kabla ya kuvuliwa. Katika mji kama Mombasa, ambako msichana mmoja huvaa buibui na mtandio asubuhi, dera nyumbani alasiri, na gauni la kung'aa usiku kwenye kupamba kwa bi harusi, swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, na anayelipuuza hujikuta na kisanduku kilichojaa vitu vizuri asivyovivaa.

Tumwangalie msichana anayefunga ushungi kila anapotoka. Herini zake za nje hazionwi na mtu, lakini sikio linazihisi kutwa nzima. Herini ndefu yenye ndoano hunasa kwenye kitambaa chepesi cha shifoni, na kila anapogeuza shingo kitambaa huivuta, hata ikifika jioni ndewe ya sikio imekuwa nyekundu na inauma akiigusa. Chini ya ushungi napendekeza herini ndogo ya kidoti, yenye uso bapa usio na meno wala kingo kali, na kifungio ambacho hakitamchoma nyuma ya sikio anapoegemeza kichwa kwenye kiti cha matatu. Pesa anazokusudia kutumia kwa mapambo ya nje ni afadhali zihamie mikononi, kwa maana mikono ndiyo inayoonekana anapotoa nauli, anapoandika na anapopokea kikombe cha kahawa. Pete moja iliyotengenezwa vizuri, saa inayolingana na unene wa kifundo chake, au bangili mbili nyembamba zisizogonga meza kila anapofungua daftari, humtambulisha zaidi kuliko herini zilizofichika. Ikiwa amepakwa hina na piko, basi apunguze hata hizo, kwani ua lililochorwa kwa saa nzima kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko halistahili kufunikwa na bangili dazeni.

Usiku wa kupamba mambo hugeuka. Hiyo ni shughuli ya wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa na taa ni kali, kwa hivyo herini kubwa zina nafasi yake na ninawahimiza vijana wazivae bila woga. Hata hapo, hata hivyo, itazameni kwanza shingo ya gauni. Gauni lililotariziwa shanga na vijiwe kuanzia begani hadi kifuani limekwisha kuwa na kidani chake, na ukiongeza mkufu juu yake macho ya watu hayajui yatue wapi. Vaa herini peke yake, uache shingo ipumue. Gauni lisilo na nakshi ndilo linaloomba kidani, na kidani kikiwa kizito herini zinapaswa kuwa ndogo. Naamini pia kwamba mgeni kijana hana haja ya kushindana na bi harusi ambaye ameketi jukwaani na dhahabu ya ukoo mzima. Adabu hiyo ni sehemu ya kupendeza.

Kuhusu kuujua mtindo wako mwenyewe, naona simu inawapotosha vijana wengi, kwa sababu picha nzuri ya mtu mwingine haikwambii lolote kuhusu kabati lako. Zitoe nguo ulizovaa majuma haya mawili, si zile unazozitunza kwa matumaini, uzitandike kitandani na uzitazame kwa utulivu. Binti ya kaka yangu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikuja na picha za herini za shanga kubwa za rangi nyingi, ilhali nguo alizotandika zilikuwa nyeusi, kijivu na buluu iliyokolea, zote za mshono ulionyooka, bila maua. Ni msichana mtulivu, hapendi kelele mwilini mwake. Tulimchagulia ringi nyembamba za fedha, zisizozidi upana wa sarafu ya shilingi ishirini, pamoja na saa ya mkanda wa ngozi, na anazivaa karibu kila siku hadi leo, ndani na nje. Rafiki yake ni kinyume chake: hupenda vitenge na madera yenye maua makubwa, hucheka kwa sauti, na herini za fedha nyembamba zingepotea kabisa kwake. Huyo nilimwambia achukue rangi ya shanga kutoka kwenye leso anayoipenda, lakini aitoe kwenye pindo, si kwenye mji, yaani sehemu ya katikati. Mji wa leso mara nyingi umejaa rangi zinazogombania nafasi, ilhali pindo huwa na rangi chache zilizotulia, na ukichukua moja tu kati ya hizo, herini zitaoana na leso bila kufanana nayo kupita kiasi. Ukienda Biashara Street kutafuta leso, nenda na herini zako mkobani ili uzilinganishe pale pale dukani, kwenye mwanga wa mlangoni.

Sasa nije kwa umbo la uso, nisije nikaonekana nimelikimbia. Herini ndefu na nyembamba huurefusha uso wa duara, na herini pana au za duara huupa upana uso mrefu. Shingo fupi hunufaika na herini zinazokoma juu ya taya. Zaidi ya hapo, utaona kwa kioo kuliko kwa kanuni.

Sikio lenyewe linahitaji uangalifu kuliko uso. Iweke herini kiganjani kwanza. Ukihisi uzito wake hapo, ndewe itauhisi maradufu baada ya saa tatu. Tundu linalobebeshwa uzito kila siku hurefuka polepole hadi likawa mpasuko, na likishafika hapo hushonwa na daktari, halirudi lenyewe. Aliyetoboa karibuni asiwe na haraka ya kubadilisha: ndewe huhitaji wiki sita hadi nane kupona, na gegedu la juu ya sikio, ambalo sasa vijana wengi wanalitoboa, huhitaji kati ya miezi sita na mwaka mzima. Wakati huo tundu lisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyo safi, mikono ikiwa imeoshwa. Maji ya bahari hayaingii katika hesabu hiyo, hata kama tumelelewa tukiamini kwamba bahari huponya kila kidonda.

Kama masikio yako huwasha, huvimba au hutoa maji kila unapovaa herini za bei rahisi, sababu inayojulikana zaidi ni nikeli, madini yanayochanganywa kwa wingi katika mapambo ya bei nafuu. Mwili ukishaikataa nikeli, kwa kawaida huikataa maisha yote, kwa hivyo usiendelee kuvumilia ukidhani sikio litazoea. Titani ndiyo salama kuliko zote, chuma cha pua, yaani kisichoshika kutu, cha daraja la 316L huwafaa watu wengi, na dhahabu ya karati za juu au fedha yenye muhuri wa 925 ni chaguo jema. Muhuri huo maana yake ni kwamba asilimia 92.5 ni fedha halisi, na iliyobaki mara nyingi ni shaba.

Hewa yetu ya pwani, yenye unyevu na chumvi, haina huruma kwa vitu vilivyochovywa dhahabu. Tabaka hilo ni jembamba mno, na jasho la Februari likishirikiana na manukato hulila hadi shaba iliyo chini ikajitokeza na kuacha rangi ya kijani shingoni. Jipake mafuta na marashi kwanza, jifukize udi, kisha pambo liwe la mwisho kuvaliwa na la kwanza kuvuliwa. Na ukienda kuogelea Nyali au Bamburi, liache nyumbani. Fedha huwa nyeusi, lakini huko si kuharibika: ifute kwa kitambaa laini, uihifadhi katika kifuko kinachofungwa vizuri kisichoingiza hewa.

Kwa dhahabu, jifunze kusoma namba. Karati 24 ni dhahabu tupu, 22 huandikwa 916, 21 huandikwa 875 na 18 huandikwa 750, yaani asilimia 75 ya dhahabu. Karati 22 ina rangi inayopendwa na mama zetu, lakini ni laini, na kwa pete ya kijana anayefanya kazi za mikono kutwa, 18 huhimili zaidi. Kwa sonara, kaa mbele ya mizani, uulize bei ya gramu kando na bei ya ufundi, na udai risiti iliyoandika vyote viwili.

Wapo wanaorithi. Katika masanduku ya bibi zetu bado kuna majasi, vipuli, vikuku vya fedha na vipini vya pua, na nasikitika kila ninaposikia vimepelekwa kuyeyushwa kabla ya mtu kuvijaribu. Kipini kidogo cha dhahabu hukaa vizuri mno kwa msichana wa leo aliyevaa jinzi na shati jeupe. Majasi huhitaji tundu pana ambalo wachache wanalo siku hizi, lakini sonara hodari anaweza kuliunganisha jasi moja na mkufu bila kulikata. Ukiona herini au kitana cha ng'amba, yaani gamba la kasa, au kitu cha pembe za ndovu, usinunue hata kama muuzaji anaapa kwamba ni cha zamani. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki au kuuza vitu hivyo bila kibali ni kosa. Anayetaka kazi ya mikono ya hapa hapa aende karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, ambako atapata mapambo ya shanga na ya shaba.

Vijana wa kiume nao huniuliza, ingawa kwa sauti ya chini, na sioni sababu ya kuona haya. Wengi wao ni Waislamu na hawavai dhahabu, kwa kuwa imeharamishwa kwa wanaume, lakini fedha ni halali kwao, na pete ya fedha yenye akiki pamoja na kanzu iliyopigwa pasi vizuri inatosha kwa Ijumaa na kwa harusi. Kwa siku za kazi, saa nzuri na bangili moja ya ngozi au ya shanga. Zikizidi hapo, mkono huanza kuonekana kama meza ya muuzaji. Pete usiipime asubuhi. Vidole huvimba kwa joto la mji huu, kwa hivyo mwendee sonara akupime alasiri, na umwombe aiache ipite kwenye fundo la kidole kwa kusukumwa kidogo tu.