Uliza Fundi: Klipu 60, laptopu imeganda

SWALI: Sasa fundi, niko na studio ndogo River Road, tunashuti harusi na ruracio (sherehe ya mahari), na kila Jumatatu nabaki na klipu kama 60 za kupunguza saizi na ffmpeg (programu ya kubadilisha video). Niliandika skripti ya Python, subprocess.run (amri ya kuita programu nyingine) ndani ya lupu, inafanya lakini moja moja mpaka nilale niamke. Jamaa akaniambia niweke Popen, zote 60 zikaanza pamoja laptopu (ni ya Ubuntu) ikawa jiko, na zingine zimesimama tu katikati, haziishi wala hazileti era. Nimekosea wapi?

JIBU: Jamaa hakukudanganya, alikuachia tu nusu ya stori. run inaanzisha prosesi mtoto (hapa ni ffmpeg, skripti yako ndiyo mzazi) halafu inaingoja imalize, Popen inaianzisha na kukurudia hapo hapo, ndiyo maana kufumba na kufumbua lupu ilikuwa imemwaga zote.

Hiyo ya kusimama katikati iliwahi kunilia wikendi nzima. Nabeti uliweka stderr=PIPE (stderr ni njia ya ujumbe na makosa ya programu, PIPE inaipitisha kwa paipu hadi kwa skripti yako) halafu ukaita wait(), ama? ffmpeg inaongea sana, mambo ya fremu na spidi yote inaandika kwa stderr, na paipu ya Linux kwa kawaida inabeba kilobaiti 64 pekee, ikijaa na hakuna anayesoma mtoto anasimama kungoja nafasi, na wewe mzazi umesimama unamngoja yeye, mnaangaliana hivyo mpaka stima ipotee. Ukihitaji hayo maneno tumia communicate(), inasoma huku ikingoja, ama yatupe kwa faili ya logi ya kila klipu. Ongeza pia -nostdin kwa amri ya ffmpeg, manake ffmpeg husikiliza kibodi.

Sasa idadi. Kinyozi wa viti vinne hanyoi watu 60 mara moja, wengine wanakaa benchi. Kwa Python hiyo ni kazi ya ThreadPoolExecutor, iko tangu 3.2, unaipa max_workers (idadi ya viti) na kila tredi, yaani kila kiti, inaita ile run yako ya zamani, kiti kikibaki wazi klipu nyingine inakaa. Usitishwe na hadithi za GIL (kufuli ya Python inayoruhusu tredi moja tu kuendesha kodi kwa wakati), tredi ikingoja prosesi ya nje inaachilia hiyo kufuli. Watu watakwambia uweke namba sawa na kore za mashine, kwa ffmpeg mimi sikubali, ikienkodi H.264 (aina ya kubana video) yenyewe kawaida inatumia kore zote, so anza na 2 upime na saa, ukiona 3 haipunguzi muda rudi 2.

Na kabla ufute orijino angalia returncode (namba ambayo prosesi inaacha ikimaliza) ya kila moja, sifuri ndiyo salama, ikiwa namba ingine usiguse hiyo faili mpaka usome logi.