Uliza Fundi Sauti: Geti linakula maneno yangu

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nasoma vitabu vya sauti na vitangazo vidogo vidogo, siku zote nilikua narekodi na maiki dainamiki moja kwa moja kwenye saundi kadi. Juzi nimepata dbx 286s iliyotumika, lile boksi la kukuza na kusafisha sauti ya maiki, nikaichomeka katikati ya maiki na saundi kadi, nobu zote nikaziweka saa sita maana sikujua nianzie wapi. Sauti imejaa kweli, ila kila nikinyamaza nasikia chumba kinapanda, shhhh, alafu kinakatika ghafla, na mteja kaniambia maneno yangu hayaishi, nikisema "nyumbani" yeye anasikia "nyumba". Boksi ni bovu au ni mimi?

JIBU: Boksi ni zima ndugu yangu, kilichokuponza ni hiyo saa sita. Kwenye mashine hii nobu ikiwa katikati haimaanishi imetulia, inamaanisha kompresa inabana, di-esa inakata miluzi ya "s", enhansa inaongeza besi na makali na geti linafunga, vyote kwa mpigo na hakuna hata kimoja ulichokipima.

Hicho chumba kinachopanda ni kazi ya kompresa. Inabana pale ulipopaza sauti, kisha unanyanyua ujazo wote ili urudi juu, sasa ukinyanyua 6 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) jua na feni na jokofu la chumba cha pili na mwangwi wa ukuta navyo umevinyanyua 6 dB hizo hizo, haichagui. Ukiwa unaongea makelele yanajificha nyuma ya sauti yako, ukinyamaza kompresa inaachia na yanaibuka. Hapo ndo geti linaingia, na kwenye 286s limekaa baada ya kompresa, likiona kiwango kimeshuka chini ya kizingiti (nobu ya Threshold) linafunga mlango bila kuuliza. Na sisi tunaosoma Kiswahili linatuumiza zaidi, kwasababu mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ile ya mwisho kabisa tunaiachia taratibu na pumzi, kwahiyo geti kali linakula "-ni", "-pi", "-ko" zote. Hizo setingi mnazokopi kwenye video za watu hazikupimwa kwa maneno yanayoishia hivyo.

Sasa bonyeza Process Bypass, kitufe kinachozima kompresa, di-esa, enhansa na geti kwa pamoja, sahau nobu zote kwanza, geuza boksi uangalie nyuma. Hapo nna wasiwasi na kitu hujakisema: kebo inayotoka kwenye boksi umeichomeka wapi? Kama umeipeleka kwenye tundu la maiki la saundi kadi basi unakuza mara mbili, boksi limeshaitoa sauti kwenye kiwango cha laini, saundi kadi inaipokea kama maiki inaikuza tena, ndo unapata ukwaruzo na mvumo hata kabla hujafungua mdomo. Tumia kebo ya TRS, ile jeki nene yenye pete mbili nyeusi, kwenye ingizo la laini, kitufe cha gitaa kikiwepo kizime, na gaini ya saundi kadi ishushe hadi chini kabisa, kazi ya kukuza ni ya boksi peke yake. 48V, ule umeme unaotumwa kwenye maiki, nazo zima kote, maiki yako ni dainamiki haizihitaji.

Baada ya hapo kaa kwenye maiki. Umbali wa kama sentimita 10 hivi, mdomo ukiwa pembeni kidogo ya mstari wa maiki ili pumzi za "p" na "b" zipite bila kugonga. Hapa ndo penye faida kubwa kuliko nobu yoyote utakayoizungusha: ukipunguza umbali kwa nusu sauti yako inapanda karibu 6 dB kwenye maiki, makelele ya chumba yanabaki pale pale yalipokua, maana yake umejipatia 6 dB za usafi bure. Ukisogea zaidi ya hapo besi inavimba, ni tabia ya maiki zinazosikiliza upande mmoja, wengine wanaipenda ila kitabu cha masaa nane chenye besi hiyo kinachosha sikio.

Pandisha gaini ya boksi huku unasoma kwa sauti yako kubwa kabisa, yani ile sehemu mhusika anapofoka, mpaka vilele kwenye kompyuta vifike kati ya -12 na -6 dB. Usishawishike kupanda zaidi. Rekodi kwa biti 24 na hutapoteza kitu kwa kuacha nafasi juu, ila sauti iliyopasuka haishoneki. Ile swichi ya 80 Hz iwashe, inaondoa mtikisiko wa meza na magari ya mbali.

Sasa ndo toa bypass, huku nobu za kompresa, di-esa, enhansa na geti zote ziko chini kabisa. Anza na Drive ya kompresa, panda taratibu mpaka taa za kubana zionyeshe 3 hadi 4 dB kwenye maneno makubwa tu, ukisoma kawaida zisiwake au ziwake kidogo. Density iache chini ya katikati, ukiipandisha kompresa inaachia haraka na ile shhhh inarudi. Di-esa ijaribu kwa kusoma "sasa hivi Sikujua anasafisha sahani sita safi", izungushe taratibu mpaka miluzi ya "s" ipoe, ukianza kusikika una kithembe umepitiliza, rudi nyuma. Enhansa mimi naiacha sifuri, hasa HF Detail, ile nobu ya makali, maana inaongeza mvumo wa juu ambao ndo tunahangaika kuutoa.

Geti liwe la mwisho, na rishio, yani ukali wa kufunga, iwe ndogo, 1.5 au 2 kwa 1, hapo linashusha makelele badala ya kuyakata. Kisha soma "nyumbani, wapi, huko, haifiki" kwa sauti ya chini kabisa unayotumiaga, pandisha kizingiti mpaka mikia ya maneno ianze kuliwa, alafu kishushe mpaka yote isikike mizima. Kama ukifika hapo geti halifanyi chochote cha maana, lizime tu, utasafisha kati ya sentensi baadae kwenye programu. Ulichorekodi bila geti unaweza kukikata kesho ukitaka, ila "-ni" iliyoliwa haipo popote, utarudia kusoma.

Kujua umefika, rekodi sekunde 30 umekaa kimya mbele ya maiki. ACX, ambao ndo mlango wa kupeleka vitabu Audible, wanataka kimya kisizidi -60 dB RMS (RMS ni wastani wa ukubwa wa sauti), usomaji wenyewe uwe kati ya -23 na -18 dB RMS na vilele visivuke -3 dB. Pima baada ya kupandisha ujazo wa mwisho, sio kabla, kabla kila mtu anafaulu. Ukikosa namba ya kimya usirudi kwenye geti, zima feni, funga mlango, tundika blanketi zito nyuma ya kiti chako, ndiyo nyuma yako, kwasababu maiki inatazama huko.

SWALI: Kaka fundi, mimi nikivaa hedifoni najisikia mara mbili, kuna mimi na kuna mimi mwingine anachelewa, nashindwa kusoma. Nimebadilisha kebo, wapi, bado.

JIBU: Kebo haihusiki dada. Wa kwanza anatoka moja kwa moja kwenye saundi kadi, wa pili ameenda kwenye kompyuta akarudi. Zima kimoja: ingia kwenye programu yako ya kurekodia, kwenye treki yako zima kitufe cha kujisikiliza, ubaki na ile ya moja kwa moja. Kushusha bafa, yani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukifanyia kazi, kunapunguza kuchelewa ila hakukumalizi, na kompyuta ikizidiwa inaanza kutoa vidoadoa kwenye rekodi, tik tik, ambavyo ni vibaya zaidi.

SWALI: Laptop ikiwa kwenye chaji kuna "mmmmm" ya chini kwenye rekodi, nikichomoa inaisha. Nakata 50 Hz kwa ikwalaiza lakini bado ipo.

JIBU: Itaendelea kuwepo maana mvumo wa umeme hauji peke yake, una vitukuu vyake 100, 150, 200 na kuendelea, na huko juu ndiko iliko sauti yako, ukivikata vyote unajikata mwenyewe. Chomeka laptop, saundi kadi na boksi kwenye ekstensheni moja, kebo zote za kati ziwe za balansi, yani XLR au TRS. Ikigoma rekodi kwa betri, chaji wakati unahariri.