Usiingie kwenye kamati ya viwango mikono mitupu

Juzi msomaji mmoja, mhandisi wa vihisi visivyotumia waya, kaniandikia kwamba kampuni yake imemteua kuingia kwenye kamati ya viwango. Anauliza aanzie wapi. Ndugu yangu, umenitonesha kidonda, lakini ngoja nikusimulie.

Nilipoingia mara ya kwanza nilijiona nimefika. Redio naijua: IEEE 802.15.4, kiwango cha redio ndogo zinazotumia umeme kidogo, kilichotoka mwaka 2003; fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, kwa kawaida haizidi baiti 127, na kila baiti tunaigombania kwa sababu inakula betri. Tukipitia rasimu, nikaona kipengele cha jotoridi kinasema tu "thamani ya baiti mbili". Ipi itangulie? Rasimu kimya. Nikanyoosha mkono nikaeleza: waliozoea 802.15.4 hutanguliza baiti ya thamani ndogo, waliokulia kwenye itifaki za intaneti hutanguliza ya thamani kubwa. Nyuzi 25 zikisomwa kinyume zinakuwa 6400! Watu wakaafiki, mwenyekiti akanishukuru. Nikatoka kifua mbele.

Miezi ikapita, kura ikapigwa, na rasimu ikapita vilevile ilivyokuwa. Nilipolalamika nikajibiwa kwa maneno manne: "Hakuna maoni ya maandishi." Siku ya majaribio vihisi vya watengenezaji wawili viliwekwa meza moja, na kwenye skrini ikatokea 6400. Nilikuwa nimesimama palepale. Hakuna aliyenigeukia, na aliyekuja kuandika marekebisho baadaye hakunitaja. Hadi leo inaniuma. Watu walihangaika wiki nzima kwa kitu ambacho sentensi moja ingekimaliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: andika. Kamati haina masikio, ina jedwali la maoni. Taja ukurasa, taja kipengele, eleza kasoro, kisha weka maneno unayotaka yaingie badala ya yaliyopo. Ukiandika "kipengele hiki hakieleweki" ukaishia hapo, umewapa wenzako kazi, nao wamechoka kama wewe. Pima pia kila kitenzi: "lazima" humbana mtengenezaji, "inashauriwa" humwachia mlango wazi, na mlango huo atautumia.

La pili ni hilohilo: andika mapema, kabla makampuni hayajamimina pesa kwenye chipu. Mtu akishatengeneza bidhaa, anatetea mtaji wake. Hoja yako ya kiufundi haimgusi tena. Tazama vihisi vya viwandani. Kuna mifumo miwili ya kuviunganisha bila waya: WirelessHART ilitoka 2007 ikawa kiwango cha kimataifa IEC 62591, ISA100.11a ikaja nyuma yake, ikawa IEC 62734. Zote zimepanda juu ya redio ileile ya 802.15.4, kwenye masafa ya GHz 2.4, na bado kihisi cha huku hakijiungi na mtandao wa kule. Juhudi za kuziunganisha zilifanyika, zikakwama. Anayebeba mzigo ni mwenye kiwanda, ambaye hakuwamo chumbani. Tukikaa kwenye vikao vile tunakaa kwa niaba yake, na anayenyamaza au kusema bila kuandika anamwangusha. Nilimwangusha mimi.

Mwezi uliopita, kwenye rasimu nyingine, nilituma maoni ya mistari mitatu wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Yamerudi na neno "Yamekubaliwa", na sentensi yangu imeingia bila kuguswa hata herufi: "Baiti ya thamani kubwa lazima itangulie."