Gitaa kwa Mtu wa Shoto: Mambo ya Kujua Kabla ya Kugeuza Nyuzi

Ushauri huu ni kwa kijana anayekula kwa mkono wa kulia kwa sababu nyumbani alifundishwa hivyo, lakini akipewa kisu amenye viazi, kisu kinakwenda chenyewe mkono wa kushoto. Duniani watu wa shoto ni karibu mmoja kati ya kumi, na katika vijana wanaoanza gitaa hapa Mbeya hawakosekani. Wengi wao huacha mapema wakidhani hawana kipaji. Kipaji wanacho. Wamepewa gitaa lililoelekea upande usio wao, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna la kufanya.

Kwanza ujipime. Kuandika si kipimo kizuri, maana wengi walihamishwa mkono wakiwa wadogo, nyumbani au shuleni. Jipime kwa kazi ambazo hakuna mtu aliyekusimamia: kurusha jiwe, kupasua kuni, kumenya viazi, kupiga ngoma. Piga makofi ukijitazama: mkono upi unakwenda na upi unapokea? Kisha chukua ufagio, uushike kama gitaa bila kufikiri, imba wimbo unaoupenda, uone mkono upi umeanza kucharaza. Ukiwa ni wa kushoto, na zile kazi nyingine zinasema hivyo hivyo, jibu unalo.

Nakazania mkono unaopiga kwa sababu watu huutazama ule mwingine. Anayeanza akimwangalia mpiga gitaa, macho yake huenda kwenye vidole vinavyotembea shingoni, akaona huko ndiko kwenye ugumu wote. Hapo ndipo huja ile hoja maarufu: "Wewe wa shoto una bahati, mkono wako mwepesi ndio utakaokamata kodi, piga tu kama wenzako." Kodi hapa ni sauti kadhaa za gitaa zinazolia pamoja. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Vidole vya kukamata vinafundishika, kwa mtu yeyote, pole pole. Lakini mapigo hayakai huko. Sikiliza gitaa la ridhimu katika muziki wa dansi wa miaka ya 1970. Mara nyingi kodi zenyewe ni tatu au nne, mtoto anaweza kuzikariri. Kinachokuinua kwenye kiti ni mkono unaopiga: unavyochelewa kidogo, unavyokata, unavyoacha nafasi. Kazi hiyo mpe mkono unaouamini.

Njia ziko nne. Unaweza kupiga kama mtu wa kulia, na wapo mashoto wakubwa waliofanya hivyo, wakiwamo wapiga gitaa wa rock Mark Knopfler na marehemu Gary Moore. Unaweza kununua gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya shoto. Unaweza kuchukua gitaa la kawaida, ukalipindua na kugeuza nyuzi ili uzi mnene ubaki juu, kama alivyofanya mpiga gitaa wa rock Jimi Hendrix na magitaa yake ya umeme ya Stratocaster. Au unaweza kulipindua gitaa bila kugusa nyuzi, uzi mnene ukawa chini na mwembamba juu. Elizabeth Cotten wa Carolina Kaskazini, Marekani, alipiga hivyo. Kidole gumba kilitoa sauti ya wimbo na vidole vingine vikashika besi, yaani sauti nzito, kinyume na wenzake wote, na mwaka 1985 alipewa tuzo ya Grammy akiwa bibi kizee. Albert King naye alipiga blues hivyo hivyo, na nyuzi nyembamba alizivuta kwenda chini wakati wenzake wanazisukuma kwenda juu.

Hiyo ya nne siishauri kwa anayeanza, pamoja na kuwaheshimu sana hao wawili. Ukishusha mkono, nyuzi nyembamba zinalia kwanza na besi inakuja mwisho, kwa hiyo kila pigo unalofundishwa litatoka na sauti nyingine. Kodi nazo utalazimika kuzibuni upya kwa vidole vyako mwenyewe, na mwalimu wako hatakuwa na cha kukusaidia.

Kupiga kwa kulia kuna faida moja kubwa ambayo lazima uipime kwa haki, hasa huku kwetu. Ukienda Uyole, Tukuyu, Makambako au Iringa mjini, gitaa utakalolikuta kanisani au kwa rafiki ni la mkono wa kulia. Anayepiga kwa kulia ataazima popote alipo. Anayepiga shoto atatembea na la kwake. Kwa hiyo kama ule ufagio ulikwenda huku na huku, yaani kazi nyingine unafanya kwa kulia na nyingine kwa kushoto, anza na kulia na ujipe muda wa wiki kadhaa bila kunung'unika. Dalili ya kukataa ni hii: mguu unagonga sawa, mdomo unaimba sawa, lakini mkono unaopiga unabaki nyuma hata kwenye wimbo unaoujua tangu utotoni. Ikiendelea hivyo, hamia kushoto, na uhame mapema, kabla kodi hazijawa nyingi kichwani. Kuhama baada ya mwaka mzima kunauma, na huo mwaka huupati tena.

Magitaa ya shoto madukani ni nadra. Ukiagiza kupitia maduka ya vyombo vya muziki ya Dar es Salaam, hakikisha neno "shoto" limeandikwa kwenye risiti, na likija kwa basi omba nyuzi zilegezwe kidogo kabla halijapakiwa. Wengi hawatafika huko. Watageuza nyuzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo magitaa mengi yanapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Kama una nafasi ya kuchagua, tafuta gitaa la nyuzi za nailoni, lile lenye shingo pana. Kwenye daraja la gitaa hilo, pale nyuzi zinapofungwa tumboni, kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi kwa kawaida kimelala moja kwa moja, hivyo ukigeuza nyuzi urefu wake haubadiliki. Gitaa la nyuzi za chuma ni tofauti. Kijiti chake kimelazwa mshazari ili uzi mnene uwe mrefu kidogo kuliko mwembamba. Ukigeuza, uzi mnene unakwenda kwenye upande mfupi, na kadiri unavyopanda shingoni sauti yake inapanda kupita kiasi. Utajua hivi: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, vikihesabiwa kutoka kichwani), upige usikie, kisha ukandamize hapo hapo upige tena. Sauti mbili zikiachana, ndiyo hiyo. Kwa kodi za karibu na kichwa unaweza kuvumilia, ila ukianza kupanda kwenye freti za juu masikio yatakusumbua. Gitaa la umeme lina skrubu za kurekebisha urefu wa kila uzi, kwa hiyo hilo linatengenezeka, ila vitufe vya sauti vitabaki juu, pale mkono wako unapopita.

Usiweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, hata kama duka lina hizo tu. Zinavuta kwa nguvu kubwa zaidi kuliko gitaa hilo lilivyojengwa kuhimili, na baada ya muda daraja hung'oka au shingo hupinda.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni nati, kile kipande kidogo chenye mifereji sita pale shingo inapokutana na kichwa. Mifereji haiko sawa. Kwenye nyuzi za chuma nyepesi, uzi wa sita, yaani ule mnene kuliko yote, una unene wa karibu milimita 1.3 na wa kwanza, ule mwembamba, karibu milimita 0.3. Ukizigeuza bila kugusa nati, uzi mnene hauingii kwenye mfereji mwembamba, unakaa juu na kuumiza kidole. Mwembamba nao unazama kwenye mfereji mpana na kulia zzz kwenye freti ya kwanza. Anayeanza akisikia hivyo hudhani vidole vyake ndivyo vibaya.

Dawa ni nati mpya, na mfupa wa ng'ombe unafaa kuliko plastiki. Muulize muuza nyama, Mwanjelwa au popote ulipo, akupe kipande cha mfupa wa mguu, ule mnene na mgumu. Uchemshe mafuta yatoke, uukaushe kivulini siku kadhaa, kisha umpelekee fundi seremala mwenye mkono mtulivu pamoja na nati ya zamani kama kipimo. Hiyo ya zamani huwa imegundishwa kidogo tu. Weka kijiti cha mbao ubavuni mwake, gonga taratibu, itaachia. Fundi atakata kwa msumeno wa chuma, atasawazisha kwa tupa na msasa, na mwambie afunike pua kwa sababu vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu. Mifereji ya nyuzi nyembamba ichongwe kwa tupa nyembamba kabisa. Ya nyuzi nene unaweza kuichonga kwa uzi mnene wa zamani, ule uliosokotwa, ukiuvuta huku na huku. Mteremko wa mfereji uelekee kichwani, na uzi mnene ujitokeze nusu yake juu ya nati. Achonge kidogo, mweke uzi, mpime, mwendelee. Kipimo chenyewe: kandamiza uzi kwenye freti ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Inatakiwa ibaki nafasi ndogo sana, ya kupitisha unywele tu. Ukizidisha kuchonga hakuna kurudi nyuma, unaanza na mfupa mwingine.

Baada ya hapo kutyuni, yaani kuweka kila uzi kwenye sauti yake, ni kule kule: kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E, na programu ya simu haijui wala haijali wewe ni wa upande gani.

Kwenye kujifunza, una faida ambayo wa kulia hana. Mwalimu wa kulia akikaa mbele yako mkatazamana, shingo ya gitaa lake na ya lako zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo unamfuata moja kwa moja. Video za simu ni vivyo hivyo, usizigeuze. Michoro ya kodi vitabuni ndiyo inayotesa, maana imechorwa kwa wa kulia. Achana nayo mwanzoni. Kariri kodi kwa namba, kwa sauti, kwa mpangilio wa kidole, uzi, freti. Kidole cha kwanza ni cha shahada na cha nne ni kidogo. Kodi ya C: kidole cha tatu, uzi wa tano, freti ya tatu, cha pili, uzi wa nne, freti ya pili, cha kwanza, uzi wa pili, freti ya kwanza. Kodi ya G: kidole cha pili, uzi wa sita, freti ya tatu, cha kwanza, uzi wa tano, freti ya pili, cha tatu, uzi wa kwanza, freti ya tatu. Namba hazina kulia wala kushoto. Na mwenzako akikupa kodi mpya, muombe akutajie hivyo hivyo.

Kabla ya kodi, lakini, upe mkono wa kushoto siku zake. Ziba nyuzi zote kwa kiganja cha mkono wa kulia zisitoe sauti, ucharaze tu, chini juu, chini juu, ukifuata wimbo unaopigwa redioni. Wengi huona huu ni mchezo wa kitoto na kukimbilia kodi ya F. Kaa nao.

Juni na Julai zina jambo lake huku juu. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe imepita hapo, na vidole vya asubuhi huwa vigumu kwa baridi. Kazi ya vidole ifanye mchana, asubuhi fanya ya mapigo. Chumba kikipashwa moto kwa jiko la mkaa, weka gitaa mbali nalo. Joto hilo hukausha mbao mpaka zikapasuka na kulegeza gundi ya daraja.

Utakutana na mzee atakayekwambia, "Mwanangu, gitaa hupigwa kwa mkono wa kulia." Usibishane naye. Mwamkie, pokea mkono wake kwa kulia kama ulivyolelewa, umwambie, "Ndiyo mzee, ila mimi ni wa shoto, naomba unisikilize wimbo mmoja." Kisha upige wimbo anaoujua, bila mbwembwe, mapigo yametulia. Wazee wengi wa huku wameimba kwaya miaka mingi na wanajua mapigo yaliyokaa sawa wanapoyasikia.

Mkipiga wawili, kaa upande wa kulia wa mwenzako wa kulia. Hapo shingo yake inaelekea kushoto kwake, yako inaelekea kulia kwako, na zote zinakwenda nje. Ukikaa upande wa pili mtagongana vichwa vya magitaa kila mkibadilisha kodi, na kutyuni kutaharibika katikati ya wimbo.

La mwisho ni la begi lako. Andika juu yake kwa maandishi makubwa: GITAA LA SHOTO, NYUZI ZISIGUSWE. Ukiliacha kanisani kutoka mazoezi ya Jumamosi hadi ibada ya Jumapili, atatokea mtu mwema atakayeona nyuzi zimekaa kinyume, atafikiri zimefungwa vibaya, na atakurekebishia zote sita kabla hujafika.