Mwenye nimonia ya pafu moja alalie ubavu gani?

Ndugu wanaouguza wodini kwetu hapa Dodoma huniuliza swali hili kuliko yote: sista, tumlaze vipi apumue? Kwa mtu mzima mwenye nimonia ya upande mmoja, jibu langu ni kwamba pafu lisiloumwa liwe chini.

Wengi hushangaa, maana mgonjwa mwenyewe hupenda kulalia panapouma. Ana sababu: akiulalia ubavu ule, mbavu hazichezi sana na kichomi kinapoa. Lakini damu haijali kichomi, yenyewe inateremka.

Msukumo wa damu mapafuni ni mdogo mno. Presha tunayopima mkononi wastani wake ni 90 hivi; kwenye mshipa mkuu uendao mapafuni ni kama 15 tu. Aliyepanga ghorofani anaijua habari hii: maji yakija kinyonge, bomba la chini linajaza ndoo, la juu linadondoka. Ukisimama, sehemu za chini za mapafu hupata damu nyingi kuliko za juu. Hewa nayo huenda zaidi chini, ila si kwa tofauti kubwa kama ya damu. Kule juu hewa huizidi damu na oksijeni hubaki nyingi. Inadhaniwa ndiyo maana kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa huko.

Sasa mlaze mgonjwa juu ya pafu bovu. Damu inakimbilia kwenye vifuko vya hewa vilivyojaa majimaji na usaha, inapita, inarudi moyoni bila kuchukua oksijeni. Mgeuze, na mara nyingi kipimo cha kidoleni, kile kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kinapanda. Nimekiona kikitoka 88 hadi 93 bila mtu kuongeza oksijeni ya mtungi.

Mtoto mchanga ni kinyume: kwake hewa huingia zaidi pafu la juu, kwa hiyo usimgeuze kwa kumwiga babu yake. Anayetoa damu au usaha mwingi kutoka pafu moja, hilo bovu ndilo liwe chini, lisije likamwagikia lenzake. Yanapoumwa yote mawili, mwinulie kichwa cha kitanda. Kifudifudi, kama tulivyofanya wakati wa UVIKO, kunataka mhudumu karibu.

Kwanza muulize daktari aliyesoma eksirei ni pafu lipi. Kisha mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti, mgeuze taratibu, na baada ya dakika kumi tazama kipimo. Kikishuka, mrudishe na utuite. Kikipanda, dawa zinaendelea vilevile, mzee asije akasema ubavu umemponya na sindano za nini tena.