Ukianza saikolojia ya utambuzi: maneno mepesi ndiyo yanayokwamisha

Mwanafunzi wa ualimu Iringa au Mbeya anapoingia darasa la saikolojia ya utambuzi kwa mara ya kwanza, mara nyingi hakwamishwi na maneno magumu. Anakwama kwenye mepesi. Kumbukumbu, umakini, hisi, kusahau: yote ameyatumia tangu shule ya msingi, kwa hiyo anayapita mbio, na siku ya mtihani anaandika maana ya mtaani palipotakiwa maana ya kitaaluma. Kumeza fasili hakumsaidii. Kinachosaidia ni kushika kila neno pamoja na jaribio lililolizaa: washiriki waliambiwa wafanye nini, kilipimwa nini (muda, idadi au makosa), na matokeo yakawaje. Ukijua hayo matatu, fasili utaiandika mwenyewe bila kuikariri.

Kwanza usafishe meza ya Kiswahili. Neno "utambuzi" lina kazi mbili: ni jina la fani nzima, yaani shughuli zote za akili za kupokea, kutunza na kutumia habari, na pia ni kile kitendo cha kuona sura na kujua kwamba ulishawahi kuiona. Katika daftari lako, liache neno hilo kwa maana ya kwanza, na ya pili iandike "kutambua cha zamani". "Hisi" ni taarifa inayoingia kupitia macho, masikio, ngozi, pua na ulimi. "Hisia" ni hofu, furaha, hasira. Kosa la herufi moja hapo linageuza jibu zima. Na "umakini" katika fani hii si tabia njema ya mtu mtulivu. Ni uchaguzi: kati ya mengi yanayogonga hisi zako kwa wakati mmoja, ni lipi linashughulikiwa na lipi linaachwa lipite.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "kumbukumbu ya muda mfupi". Mtu akisahau alichosoma jana, husema kumbukumbu yake ya muda mfupi ni mbovu. Kitaaluma, cha jana kiko kwenye kumbukumbu ya muda mrefu, na hata cha dakika tano zilizopita kimo humo. Muda mfupi hapa ni sekunde. Mwaka 1959, Lloyd na Margaret Peterson waliwapa washiriki konsonanti tatu, kisha wakawaambia wahesabu kurudi nyuma kwa tatu-tatu ili wasipate nafasi ya kuzirudia moyoni. Baada ya sekunde 18, majibu sahihi yalikuwa chini ya asilimia 10.

Jaribio hili unaweza kulifanya bwenini, lakini kuna jambo litakalokushangaza usipoambiwa mapema: kwenye herufi tatu za kwanza kabisa, karibu kila mtu anakumbuka vizuri. Wengi wakiona hivyo wanadhani wamekosea, wanaacha. Hujakosea. Keppel na Underwood walilionyesha hilo mwaka 1962: usahaulifu unaongezeka kadiri mizunguko inavyoongezeka, kwa sababu herufi za awali zinaingilia zinazofuata. Kwa hiyo fanya mizunguko 12 au zaidi, na matokeo ya mzunguko wa kwanza yaandike kando. Tofauti hiyo ndiyo itakayokueleza maana ya "mwingiliano wa awali" kuliko ukurasa wowote.

Halafu kuna ile "saba, jumlisha au toa mbili" ya George Miller, ya mwaka 1956. Inanukuliwa kila mahali na inaelezwa vibaya karibu kila mahali. Miller hakusema tunashika herufi saba au tarakimu saba. Alizungumzia mafungu, na ukubwa wa fungu unategemea unachokijua tayari. Chukua tarakimu hizi 16: 1891189418981954. Mgeni atashindwa. Mtu aliyesoma historia ya Wahehe ataona mafungu manne tu: vita vya Lugalo, kuanguka kwa ngome ya Kalenga, kifo cha Mkwawa, na kurudishwa kwa fuvu lake. Hajapanua kumbukumbu ya muda mfupi hata kidogo. Ametumia ya muda mrefu kufunga mzigo. Baadaye, mwaka 2001, Nelson Cowan alitetea kwamba mtu akizuiwa kurudia moyoni na kuunda mafungu, uwezo halisi ni karibu mafungu 4. Mtihani ukiuliza, taja yote mawili na ueleze kwa nini yanatofautiana.

Hapo ndipo Alan Baddeley na Graham Hitch wanapoingia, mwaka 1974. Walisema kumbukumbu ya sekunde chache ni zaidi ya kapu la kuhifadhia: ni meza ya kazi, na wakaiita kumbukumbu tendaji. Ina kitanzi cha sauti, kinachoshika maneno kwa kuyarudia kimya; ubao wa picha, unaoshika maumbo na mahali; na msimamizi mkuu anayegawa umakini. Mwaka 2000 Baddeley akaongeza sehemu ya nne inayounganisha sauti, picha na tunayoyajua tayari kuwa tukio moja. Usikariri majina manne ukaishia hapo. Kaa na kitanzi cha sauti, maana kwa msomaji wa Kiswahili kina jambo la pekee.

Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba mtu hukumbuka takriban maneno anayoweza kuyatamka ndani ya sekunde 2. Maneno marefu yanakumbukwa machache. Sasa hesabu silabi. Kwa Kiingereza, tarakimu kuanzia 1 hadi 9 zina silabi moja moja, isipokuwa 7. Kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa: kila moja ina silabi mbili, na sifuri ina tatu. Huko Wales, Ellis na Hennelly waliona mwaka 1980 kwamba watu wenye lugha mbili walishika tarakimu chache kwa Kiwelisi kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa tarakimu za Kiwelisi huchukua muda zaidi kutamkwa. Walipozuiwa kurudia moyoni, tofauti ikapotea. Yaani mtoto anaweza kupata alama ya chini kwenye kipimo cha kumbukumbu kwa sababu ya urefu wa maneno ya lugha aliyopimiwa, na akili yake haina kasoro yoyote. Mwalimu mtarajiwa anapaswa kulijua hili kabla hajamwandika mtoto yeyote kuwa mzito.

Kulipima ni rahisi. Andaa karatasi yenye mistari ya tarakimu, miwili kwa kila urefu, kuanzia tarakimu 3 hadi 9. Soma tarakimu moja kwa sekunde moja ukifuata saa ya simu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mshiriki arudie kwa mpangilio uleule. Akipindua nafasi, ni kosa. Akikosa mistari yote miwili ya urefu mmoja, simama: kipimo chake ni urefu uliotangulia. Nusu ya washiriki waanze na Kiswahili na nusu waanze na Kiingereza, la sivyo utapima uchovu au mazoezi badala ya lugha. Mwishoni mwambie kila mmoja asome tarakimu 50 kwa haraka kwa kila lugha, uandike sekunde. Kama nadharia ya kitanzi ni sahihi, lugha anayoisoma polepole ndiyo anayoshika tarakimu chache. Si lazima iwe Kiswahili kwa kila mtu. Ukiwa na wanaojua kuhesabu vizuri kwa Kinyakyusa au Kihehe, ongeza safu ya tatu.

Yanayoharibu kipimo hiki yanajulikana. Msomaji anasoma kwa mapigo ya namba ya simu, tatu-tatu, akamfungia mshiriki mafungu bila kujua. Tarakimu zimetungwa kichwani badala ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu, zikatoka miaka ya uhuru na tarehe za kuzaliwa. Au mvua ya Tukuyu inapiga bati, na hapo unapima masikio.

Kuhusu umakini, simama dakika tano kwenye stendi ya mabasi asubuhi. Makondakta wanaita Tunduma, Kyela, Tukuyu, muziki unapiga, na wewe unamsikiliza mwenzako bila shida. Colin Cherry alilichunguza tatizo hili mwaka 1953: sikio moja linapewa ujumbe wa kurudiwa kwa sauti, la pili linapewa ujumbe wa kupuuzwa. Washiriki waligundua sauti ya mwanamume ilipogeuka ya mwanamke, lakini hawakugundua ujumbe uliopuuzwa ulipohamia Kijerumani. Broadbent akapendekeza mwaka 1958 kwamba kuna kichujio kinachozuia kabla ya maana kueleweka. Shida ni kwamba mwaka uliofuata Moray aliona takriban theluthi ya washiriki walisikia jina lao lilipotajwa kwenye sikio lililopuuzwa. Ndiyo maana Treisman, mwaka 1964, akasema kichujio hupunguza sauti, hakiifungi. Ukiwa Kariakoo katikati ya zogo ukasikia mtu nyuma yako akisema "ugonile", salamu ya Kinyakyusa uliyoizoea nyumbani, ukageuka kabla hujafikiri, hiyo ndiyo hoja ya Treisman. Jibu la mtihani lifuate mfululizo huohuo: wazo, ushahidi unaolipinga, wazo lililorekebishwa.

Jaribio la John Ridley Stroop, la mwaka 1935, ni bora kwa anayeanza kwa sababu matokeo yake hayakosi kuonekana. Washiriki walitaja rangi za miraba 100 kwa wastani wa sekunde 63.3, lakini walipotaja rangi ya wino wa maneno yaliyoandikwa jina la rangi nyingine, wakatumia sekunde 110.3. Kusoma kumekuwa kitendo kinachojiendesha, hukizuii kwa kutaka tu. Kwa Kiswahili tumia kalamu za nyekundu, bluu, kijani na nyeusi. Kadi ya kwanza iwe na vidoa 40 vya rangi, ya pili maneno 40 yanayopingana na wino wake. Tumia herufi kubwa, safu nne za kumi, na rangi moja isifuatane mara mbili.

Makosa ya kawaida: wote kuanza na kadi ya vidoa, bluu na nyeusi kutotofautiana chini ya taa hafifu, mshiriki kukunja macho ili maneno yawe ukungu (mkataze kabla hujaanza), na kusahau kumuuliza kama anatofautisha nyekundu na kijani. Makosa aliyosahihisha mwenyewe yahesabu kando, usiyafute.

Kumbukumbu ya muda mrefu tuipite kwa kasi, maana vitabu vimeieleza vizuri. Endel Tulving aligawa mwaka 1972 kati ya ya matukio (siku uliyopanda Loleza) na ya maarifa (Loleza ni mlima wa Mbeya). Ya ustadi, kama kuendesha baiskeli, inajitegemea, na ushahidi wake mzito ni Henry Molaison. Baada ya upasuaji wa ubongo mwaka 1953 hakuweza kuhifadhi matukio mapya, lakini Brenda Milner alionyesha kwamba aliendelea kuboresha uchoraji wa nyota kwa kutazama kioo, siku hadi siku, bila kukumbuka kuwa aliwahi kuufanya.

Usidhani hata hivyo kwamba kilichohifadhiwa kinatoka kama kilivyoingia. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali, wakawauliza kasi ya magari. Kilichobadilika ni kitenzi tu. Kwa kitenzi chenye nguvu ya "yalipobamizana", wastani ulikuwa zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa; kwa cha upole, kama "yalipogusana", maili 31.8. Mtu aliyeona lori likianguka Kitonga akiulizwa "lilikuwa linakimbia kiasi gani?", swali limeshampa kasi kabla hajajibu. Tunalisisitiza hili kwa sababu ushahidi wa namna hii unaamua hatima za watu.

Ukitaka kuyashika haya yote, epuka kusoma daftari tena na tena. Kurasa zinaanza kuonekana zinazojulikana, na huko ni kutambua cha zamani tu, wakati mtihani wa insha unataka ukumbuke bila msaada. Roediger na Karpicke walilinganisha mwaka 2006: waliorudia kusoma walishinda kidogo baada ya dakika 5, asilimia 81 kwa 75, lakini baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56 na waliorudia kusoma 42. Basi soma mada mara moja kwa utulivu, funga daftari, andika kila unachokumbuka kwenye karatasi tupu kwa dakika 10, kisha fungua ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Mara ya kwanza karatasi itakuwa na mapengo mengi na itavunja moyo. Wengi huacha hapo na kurudi kwenye kusomasoma, ilhali mapengo hayo ndiyo yanayokuonyesha pa kufanyia kazi.

Na unapowapima wenzako, omba ridhaa, waambie wanaweza kuacha wakati wowote, andika namba badala ya majina. Watoto wa shule usiwaguse bila ruhusa ya mzazi na ya mwalimu mkuu. Mtu akikuuliza mwishoni alama yake ina maana gani, mweleze ukweli: watu kumi na kadi mbili zinaonyesha tofauti kati ya kadi, hazisemi lolote kuhusu akili yake.